Kubadili fonti za slaidi zote kwenye PowerPoint: Replace Fonts inafika wapi na inakwama wapi

Slaidi zikishapita mikononi mwa watu watatu, kila mmoja na kompyuta yake, fonti hazibaki moja. Kichwa kimoja kina Calibri, kinachofuata kina Arial, na jedwali lililotoka kwenye ripoti ya mwaka jana lina Times New Roman. Anayekabidhiwa faili usiku wa kuamkia mkutano huanza kurekebisha slaidi mojamoja, na hapo ndipo makosa yanapozidi. PowerPoint ina njia mbili za kuimaliza kazi hii kwa pamoja. Tunazipima zote mbili kwenye toleo la Windows, kisha tutagusia Google Slides na LibreOffice Impress. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili usipate shida kuyatafuta.

Replace Fonts ndiyo inayojulikana zaidi. Fungua kichupo cha Home, nenda upande wa kulia, bofya mshale mdogo ulio kando ya Replace, kisha uchague Replace Fonts. Kwenye Mac iko ndani ya menyu ya Format. Kidirisha kinachofunguka kina orodha mbili: ya juu inaonyesha fonti zilizomo kwenye faili, ya chini ni fonti unayotaka iingie. Ukibonyeza Replace, slaidi zote zinapitiwa kwa mkupuo, pamoja na visanduku vya maandishi vilivyochorwa kwa mkono. Ukubwa, rangi na herufi nzito hubaki vilevile.

Orodha ile ya juu peke yake ina thamani kubwa, hata kama hutabadili chochote. Inakuonyesha fonti ambazo jicho lingezipita, na zenye alama ya kuulizia kando ya jina hazimo kwenye kompyuta yako. Hizo ndizo za kushughulikia kwanza, kwa sababu unachokiona kwenye skrini ni fonti mbadala tu. Jambo hili linawapata sana wanaotumia Office 2016 na 2019 wakipokea faili lililotengenezwa kwenye Microsoft 365, ambako tangu 2023 Aptos ilianza kuchukua nafasi ya Calibri kama fonti ya kuanzia. Kisanduku cha fonti kinaandika Aptos, lakini herufi zilizo mbele yako si Aptos.

Kasoro ya kwanza ya amri hii, na kwetu ndiyo kubwa, ni kwamba inaweka jina la fonti moja kwa moja kwenye maandishi. Orodha ya chini haikupi nafasi ya kuchagua “fonti ya vichwa” au “fonti ya mwili”. Inakupa Arial, Georgia, Verdana na nyinginezo. Kwa hiyo ukibadili leo, mwezi ujao utalazimika kubadili tena kwa njia ileile.

Kasoro ya pili inawachanganya wengi: fonti zenye uzito mbalimbali hujiandikisha kwa majina tofauti. Montserrat ni jina moja, Montserrat SemiBold ni jingine, Montserrat Light ni la tatu. Ukibadili Montserrat peke yake, vichwa vilivyoandikwa kwa SemiBold havitaguswa. Pitia orodha mpaka mwisho, jina moja baada ya jingine.

Ya tatu ni ule ujumbe wa kukataa, unaosema umechagua fonti ya “single-byte” (ya herufi kama za Kilatini) kuchukua nafasi ya “double-byte” (ya lugha zenye herufi nyingi sana). Unatokea pale fonti ya zamani inapohesabiwa kuwa ya Kichina, Kijapani au Kikorea, kama SimSun au MS PGothic, hata kama maandishi yako yote ni ya Kiswahili. Mara nyingi fonti hizo huingia na slaidi zilizonakiliwa kutoka kwenye kiolezo cha watu wengine. Kurudia kubonyeza hakusaidii. Dawa ni kuingia ndani ya faili lenyewe. Tengeneza nakala, badili mwisho wa jina lake kutoka .pptx kuwa .zip, uifungue, kisha kwa programu ya kuhariri maandishi tafuta typeface="SimSun" katika folda za ppt/slides, ppt/slideLayouts na ppt/slideMasters, na uweke jina jipya. Wakati wa kufunga tena, chagua vilivyomo ndani ya folda, usiichague folda yenyewe. Faili liitwalo [Content_Types].xml lazima liwe ngazi ya juu kabisa ya zipu, la sivyo PowerPoint italalamika kuwa faili limeharibika.

Ukiwa mle ndani, unaweza kufanya jambo bora zaidi: badala ya jina la fonti, andika +mn-lt kwa mwili au +mj-lt kwa vichwa. Hizo ndizo alama za fonti za mandhari (Theme), yaani fonti mbili zilizowekwa kwa faili zima, moja ya vichwa na moja ya mwili, na ndizo zinazotupeleka kwenye njia ya pili.

Fonti za mandhari ndizo msingi tunaoupendekeza bila kusita. Fungua View, kisha Slide Master, yaani slaidi mama inayozaa mipangilio yote. Bofya ile kubwa iliyo juu kabisa upande wa kushoto, nenda kwenye Fonts, chagua Customize Fonts, weka fonti moja ya vichwa na moja ya mwili, uipe jina na uhifadhi. Kila maandishi yanayofuata mandhari yatageuka papo hapo, pamoja na grafu na majedwali yaliyotengenezwa humohumo. Ukitaka kujua kama maandishi fulani yanafuata mandhari, yachague na utazame kisanduku cha fonti: jina likifuatwa na Headings au Body, yako salama. Jina likiwa peke yake, mtu aliliweka kwa mkono. Yachague maandishi hayo, kisha uchukue fonti iliyo juu kabisa ya orodha, chini ya Theme Fonts. Ctrl+Space nayo hurudisha maandishi kwenye asili yake, ila itaondoa pia rangi na herufi nzito ulizoziweka, kwa hiyo iangalie kabla ya kuitumia kwenye slaidi nzima.

Kuna mtego mmoja hapa. Slaidi zilizobandikwa kwa Keep Source Formatting huja na slaidi mama yao. Ukibadili fonti kwenye slaidi mama yako, slaidi hizo zilizobandikwa hazitasikia. Ukiona slaidi kubwa mbili au tatu kwenye safu ya kushoto, hamishia slaidi zote kwenye mama mmoja kwa kuzipa upya mpangilio kupitia Home na Layout, kisha uwafute wale wengine. Grafu iliyobandikwa namna hiyo kutoka Excel nayo inaweza kubeba mandhari yake. Irekebishe peke yake. Maandishi yaliyomo ndani ya picha hayabadiliki kwa njia yoyote kati ya hizi.

Usifunge faili kabla ya kutazama upana. Verdana inachukua nafasi kubwa kuliko Calibri kwa ukubwa uleule, na maneno marefu ya Kiswahili kama “yaliyotekelezwa” huvunja mstari mapema. Visanduku vya mpangilio hupunguza herufi vyenyewe ili maneno yaenee, matokeo yake slaidi moja inabaki na herufi za ukubwa wa 24 na jirani yake inashuka hadi 20. Visanduku vya kuchorwa kwa mkono huongezeka urefu na kuteremka chini ya ukingo wa slaidi. Wenye aya za Kiarabu ndani ya slaidi wajue kuwa herufi hizo zina nafasi yao tofauti ya fonti, hivyo kubadili ya Kilatini hakuzigusi.

Faili likienda kuonyeshwa kwenye kompyuta nyingine, pitia File, Options, Save na uweke alama kwenye Embed fonts in the file. Chagua kubeba herufi zote kama kuna mtu atakayehariri huko. Kubeba zilizotumika tu kunapunguza uzito wa faili lakini kunafaa kwa kuonyesha pekee. Fonti ambayo mtengenezaji wake hakuruhusu kubebwa haitaingia.

Google Slides haina amri ya kubadilisha fonti kwa mkupuo. Kazi yote hufanyika kwenye View, Theme builder, na maandishi yaliyowekewa fonti kwa mkono husafishwa kwa Ctrl+\. Kwa faili lililoanzishwa vizuri inatosha. Kwa faili lililochafuka inachosha, na tungelisafisha kwanza kwenye PowerPoint.

LibreOffice Impress ni ya bure na inaheshimu mitindo: bonyeza F11, badili mtindo wa kichwa na ule wa Outline 1 (maandishi ya ngazi ya kwanza), na slaidi zinafuata. Tahadhari na jedwali la Replacement lililo kwenye Tools, Options, Fonts. Linabadili tu jinsi kompyuta yako inavyoonyesha fonti. Ndani ya faili jina la zamani linabaki, na mwenzako akifungua ataikuta fonti ileile ya mwanzo. Kama huna Calibri, isakinishe Carlito, iliyotengenezwa kwa upana uleule wa herufi, na mistari ya slaidi zako itakatika palepale ilipokatika kwa mwandishi.