Miezi 14 na foku ya Boxxer kwenye vumbi la Menengai

Siku ya kwanza nilipoifungua foku ya baiskeli yangu, yaani uma wa mbele wenye shoki, oili iliyotoka mguu wa kulia ilikuwa na rangi ya uji wa wimbi. Niliisugua kati ya vidole nikaisikia ikikwaruza. Oili hiyo ilipaswa kutoka ikiwa bado inapitisha mwanga. Nilikaa pale barazani, mikono imelowa, nikajua kwamba kwa nusu mwaka mzima kila nilipoteremka nilikuwa naisaga foku kutoka ndani.

Foku yenyewe ni RockShox Boxxer ya zamani, ya springi ya koili na paipu za milimita 35 (zile za juu zinazoteleza ndani ya miguu ya chini), niliyoinunua mtumba. Kwa asiyeijua, huu ni uma wa mbele wenye krauni mbili, yaani vipande vinavyoshika paipu, moja juu na nyingine chini ya shingo ya baiskeli, kama wa pikipiki, na hubonyea milimita 200. Umeundwa kwa kazi moja, kuteremka kasi kwenye mawe na mizizi. Sijawahi kupanda nayo mlima, na sitajaribu.

Mimi naishi London, mtaa wa hapa Nakuru ulio chini ya volkano ya Menengai. Jumamosi asubuhi naifunga baiskeli nyuma ya bodaboda, tunapanda hadi ukingo wa kreta, nateremka, tunapanda tena. Kilele cha ukingo kiko mita 2,278 juu ya usawa wa bahari, na mji uko kwenye 1,850 hivi, kwa hiyo mteremko ni zaidi ya mita 400. Si mrefu sana, lakini mawe yake hayana huruma na vumbi lake ni la aina ya peke yake.

Vumbi hilo ndilo lililonifanya niandike. Menengai ni volkano, na udongo wa pande zake umejaa majivu na lile jiwe jepesi lenye matundu ambalo akina mama hulinunua sokoni kusugulia visigino. Jiwe hilo ni kioo cha volkano kilichojaa mapovu ya hewa. Likisagwa na magurudumu ya malori na kwato za ng'ombe linakuwa unga laini kama wa sembe, ila kila chembe ina makali. Unga huo hukaa juu ya paipu, na kila foku inapobonyea husukumwa kuelekea kwenye sili, ile pete ya mpira inayozuia uchafu kuingia na oili kutoka. Kinachokwangua kisigino kinaweza pia kukwangua lile tabaka gumu la rangi lililo juu ya alumini, na likishaisha hapa kwetu sijaona fundi wa kulirudisha. Unanunua paipu mpya, na bei yake inakaribia bei ya foku nzima ya mtumba.

Mtengenezaji anasema miguu ya chini ifunguliwe kila baada ya saa 50 za kuendesha, na springi na dampa, sehemu ya ndani inayotuliza mwendo wa springi, baada ya saa nyingi zaidi. Mwanzoni nilisoma saa 50 nikaona ni kesho kutwa, kisha nikapiga hesabu. Jumamosi yangu ni kama saa mbili za kuteremka kwa kweli, kwa hiyo saa 50 ni wiki 25. Nikajiambia mara mbili kwa mwaka inatosha. Haitoshi. Kwa hali ya Nakuru, hasa Januari hadi Machi kabla ya mvua za masika, mimi sasa nafungua kila saa 25. Naandika saa zangu kwa penseli kwenye daftari dogo linaloning'inia ukutani karibu na baiskeli, maana kichwa husahau na foku haisahau.

Kabla sijaanza kujifanyia mwenyewe nilipeleka kwa watu. Mahali pa kwanza, ambapo sitapataja, waliipakaza spongi za ndani grisi nzito ya beringi za magurudumu ya gari. Spongi zile ni pete mbili ndogo zinazokaa chini ya sili, na kazi yake ni kunyonya oili na kuilambisha paipu kila inapopita. Ukizijaza grisi ya gari hazinyonyi tena kitu. Foku ilirudi ngumu, ikawa inashtuka mwanzo wa kila kishindo, na viganja vyangu viliuma wiki mbili. Nililipa pesa zangu kwa kazi hiyo na bado inaniuma nikikumbuka.

Aliyenifungua macho ni fundi wa pikipiki, mzee wa makamo anayekaa karibu na steji yetu. Sikumpelekea kazi, nilienda kuazima nyundo ya mpira. Aliishika foku, akaibonyeza mara tatu akisikiliza, akaniambia, "Kijana wangu, hii ni shoki ya pikipiki tu, imekondeshwa. Sili ikishashika mchanga inageuka msasa." Nikamwuliza, "Sasa mzee, nifanyeje?" Akasema niache kuiosha kwa mashine ya presha. Kumbe kila Jumamosi jioni nilikuwa naipitisha pale wanapoosha magari, na lile jeti la maji lilikuwa linasukuma matope kupita ukingo wa sili na kuyaingiza ndani. Nilidhani naitunza. Tangu siku hiyo ni ndoo, sponji, sabuni ya kuoshea vyombo, na kitambaa kikavu kwenye paipu kabla na baada ya kila safari.

Kifurushi cha sili, spongi, pete za mpira na washa (vipete vya kukalia bolti) niliagiza kutoka nje kupitia muuzaji ambaye mara ya kwanza alinitumia cha milimita 32. Pima paipu zako kwa kalipa kabla ya kulipa, usiamini picha. Kilipofika cha kweli kilinigharimu shilingi 4,600 pamoja na usafirishaji, na hakikuja na oili. Niliridhika na sili zenyewe: mpira laini, midomo mikali, na zilikaa sawasawa bila kulazimishwa. Sikuridhika na karatasi ya maelezo, ambayo haisemi lolote la maana. Pakua mwongozo wa mtengenezaji wa mwaka wa foku yako, ni bure, na kiasi cha oili kwa kila mguu kimeandikwa humo. Usikisie. Oili ya miguu ya chini ni nzito kuliko ya dampa kwa sababu kazi yake ni kulainisha, si kupita kwenye vitundu vya vali.

Uzuri ni kwamba huhitaji kuitoa foku kwenye fremu. Natoa gurudumu na kaliperi ya breki, navuta kitufe cha kurekebisha mrejeo (kasi ya foku kurudi baada ya kubonyea) kilicho chini ya mguu wa kulia, kisha nalegeza bolti mbili za chini kwa alenki ya milimita 5, mizunguko mitatu au minne tu. Hapo ndipo wengi huharibu. Usizitoe kabisa. Ziache zishike kwa nyuzi chache, uzigonge kwa nyundo ya mpira mpaka usikie fimbo za ndani zimeachia miguu. Ukizitoa kwanza huna cha kugonga, na ukigonga mwisho wa fimbo wenyewe unaharibu nyuzi zake. Baada ya hapo weka karai chini, toa bolti, acha imwagike, vuta miguu yote miwili kwa pamoja.

Kusafisha ndani nafanya kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, nikikisukuma kwa kijiti kirefu mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kazi hii huchukua muda mrefu kuliko nyingine zote na siifupishi. Chembe moja iliyobaki kwenye bushi, pete za ndani ya mguu ambamo paipu huteleza, itatembea juu na chini maelfu ya mara. Sili mpya nazigonga kwa kipande cha bomba la PVC. Nilibeba sili kuukuu hadi duka la vifaa vya ujenzi nikajaribisha mabomba mpaka nikapata linalokaa juu ya ukingo wake. Spongi nazilaza kwenye oili tangu usiku. Bolti narudisha na washa mpya, nakaza kwa spana ya torki mpaka nyutoni mita 7.3. Spana hiyo tulichanga watu watatu, na naomba usiruke hatua hii, kwa sababu mguu wa chini ni magnesi na nyuzi za fimbo ni ndogo.

Paipu yangu ya kushoto ina mkwaruzo wa jiwe, urefu wa punje ya mchele. Niliulainisha kwa msasa namba 2000 uliolowa, nikaujaza kwa rangi ya kucha isiyo na rangi niliyopewa na dada yangu, ikakauka, nikailainisha tena. Miezi tisa sasa na sili ya upande huo haijavuja.

Tofauti barabarani? Kubwa kuliko nilivyotarajia, na haiko kwenye mawe makubwa. Mawe makubwa foku hii iliyameza hata ilipokuwa chafu. Iko kwenye vijiwe vidogo, ile mitetemo ya mfululizo unapotoka msituni kuingia barabara ya vumbi. Zamani gurudumu lilikuwa linarukaruka juu yake na kona ilikuwa ya kuomba Mungu. Sasa linashika ardhi. Uzito wangu nikiwa na kofia na kinga za magoti huibonyeza foku milimita 50 nikisimama tu, robo ya zile milimita 200, napima kwa kamba ya plastiki iliyofungwa kwenye paipu. Ilipokuwa na grisi ya gari kamba hiyo ilikuwa inasoma 35.

Dampa sijaigusa kwa mkono wangu. Inahitaji vifaa ambavyo sina, na nikifikisha saa 200 nitaipeleka Nairobi, kilomita 160, kwa mtu mwenye vifaa hivyo. Daftari linasema 112.

Ongezeko la mwisho ni tyubu kuukuu. Nilikata kipande, nikakifunga kwa kamba za plastiki kutoka kwenye daraja la miguu ya foku hadi krauni ya chini, kikining'inia kama aproni mbele ya sili. Nilipofungua mara ya mwisho, mwezi uliopita baada ya saa 25 za kiangazi, oili ilitoka na rangi ya asali nyembamba. Niliimimina kwenye glasi nikaiinua juani, nikaona vidole vyangu upande wa pili.