Walichomfanyia Danny Castellano: uzoefu wangu na The Mindy Project

Nimemaliza kuitazama The Mindy Project, misimu yote sita, na badala ya kubaki na ile furaha ambayo tamthilia ya mapenzi na vichekesho hupaswa kumwachia mtazamaji, nimebaki na hasira ambayo hadi leo haijapoa. Hasira yangu haihusu uigizaji, wala vichekesho, wala mavazi ya rangi kali ambayo daktari Mindy Lahiri huyavaa hata anapokwenda kazini. Inahusu jambo moja tu, nalo ni lile ambalo waandishi walimfanyia Danny Castellano, daktari mwenzake Mindy na mpenzi wake, katika msimu wa nne, wakatufanyia na sisi tuliokuwa tumesubiri misimu mitatu kumwona akimpenda mwenzake bila kujificha.

Kwa ambaye hajaitazama, Mindy ni daktari wa wanawake na uzazi jijini New York, mwanamke mwenye asili ya India aliyelelewa na filamu za mapenzi kiasi kwamba anaamini maisha yatamfuata kwa mpangilio uleule. Anayemwigiza, Mindy Kaling, ndiye pia aliyeibuni tamthilia yenyewe, na mama yake mzazi alikuwa daktari wa fani hiyohiyo. Naamini ndiyo maana kazi ya Mindy, hasa katika misimu ya mwanzo, haikuwa pambo. Katika sehemu ya kwanza kabisa, iliyorushwa mwaka 2012, anaharibu harusi ya mwanamume aliyemwacha, anatumbukia na baiskeli katika bwawa la kuogelea, anafedheheka mbele ya watu, na mtazamaji anadhani basi, huyu ni mwanamke wa kuchekwa. Kisha jioni moja yuko mezani na mwanamume ambaye huenda angekuwa ndiye, simu inalia, na anamwacha palepale ili akamzalishe mama asiye na bima ya afya. Hapo ndipo nilipoipenda tamthilia hii. Niliambiwa, bila hotuba yoyote, kwamba mwanamke huyu anaweza kuwa mpuuzi katika mambo yote ya moyo na bado akawa mtu wa kutegemewa pale uchungu unapoanza.

Danny naye ni daktari katika kliniki hiyohiyo, Shulman and Associates. Ni Mkatoliki, ametalikiwa, ni mkali wa maneno, ameshikwa na mama yake kwa mapenzi makubwa baada ya baba kuwakimbia, na ni mtu wa kumwambia Mindy kwa uso mkavu maneno ambayo hakuna mwingine angethubutu kumwambia. Chris Messina alimwigiza kwa namna ambayo sijaiona mara nyingi katika vichekesho, kwa sababu hakuonekana kutafuta kicheko hata mara moja. Waandishi waliwasogeza karibu wawili hao, Mindy na Danny, polepole sana, wakatutesa kwa subira. Tulimwona akimchezea dansi wakati wa Krismasi kama zawadi yake, na kwa mtu mgumu kama yule, dansi ile ilisema mengi kuliko barua kumi za mapenzi. Tulimwona akimbusu ndani ya ndege inayotikiswa na upepo. Mwishoni mwa msimu wa pili tulimwona Mindy akipanda ngazi za Empire State Building, lile ghorofa refu la New York, kwa miguu kwa sababu lifti zilikuwa hazifanyi kazi, jasho likimtoka na pumzi zikimwishia, ili afike juu kwa mtu anayempenda. Msimu wa tatu ukaisha Danny akiwa amesafiri hadi India kuwaona wazazi wa Mindy, ambaye wakati huo alikuwa mjamzito. Nilipofika hapo niliridhika kabisa, na kama tamthilia ingeishia hapo ningeisifu kwa kila mtu.

Kwa hakika ilikaribia kuishia hapo. Kituo cha Fox kiliisimamisha mwaka 2015 baada ya misimu mitatu, na Hulu, wanaorusha tamthilia kwa njia ya mtandao, wakaichukua na kuagiza sehemu 26 kwa msimu wa nne. Sehemu 26 ni nyingi. Wawili waliokwisha kupendana hawatoshi kuijaza nafasi hiyo, au ndivyo waandishi walivyoonekana kuamini, na hapo ndipo Danny alipoanza kuharibiwa.

Mtoto anazaliwa, anaitwa Leo, na Danny anaanza kutaka mama wa mtoto akae nyumbani. Mwanzoni ni kwa upole, kama wazo tu. Baadaye si wazo tena. Mindy amefungua kliniki ya kuwasaidia wanawake wanaotatizika kupata mimba, jambo alilolisomea na kulihangaikia, nayo kliniki hiyo machoni pa Danny inageuka kuwa kitu cha kuvumiliwa, kama vile ni mazoea mabaya ambayo mwanamke ataachana nayo akikomaa. Anataka mtoto wa pili wakati wa kwanza hajatembea. Anampima Mindy kama mama kwa kila saa anayokuwa mbali na mtoto, na haipo sehemu hata moja ambamo anajipima yeye mwenyewe kwa kipimo hicho. Kinachoniuma zaidi ni kwamba huyu si mwanamume asiyejua kazi hiyo ni nini. Ni daktari wa uzazi. Ameshinda usiku mzima na Mindy katika vyumba vya kujifungulia, ameona mikono yake ikifanya kazi, ameona wagonjwa wakimkumbatia, na kila siku anawasikiliza wanawake wakimweleza hofu zao kuhusu kazi na watoto. Mtu mwingine yeyote katika tamthilia hii angeweza kudai jambo lile kwa ujinga. Danny hakuwa na ujinga wa kujitetea nao.

Nilikasirika kiasi cha kusimamisha kutazama kwa muda. Nilihisi kwamba waandishi walikuwa na mwigizaji asiyeweza kuwepo kila mara, kwani kuanzia msimu wa tano Messina hakuwa tena miongoni mwa waigizaji wa kudumu, na kwamba badala ya kututafutia sababu ya haki ya kutengana kwao waliamua kumgeuza mtu mzima kuwa mlinzi wa jela ndani ya majuma machache. Hilo kwa mtazamaji ni dharau. Unapomlea mhusika kwa misimu mitatu, ukatufundisha kumpenda pamoja na ukali wake wote, huna ruhusa ya kuuchukua ukali uleule na kuufanya ukatili kwa sababu tu ratiba imebadilika.

Nilirudi hata hivyo, na nilirudi kwa nia mbaya ya kuhakikisha kwamba nina haki ya kukasirika. Nikaanza tena kutoka mwanzo, na hapo jambo likanigeukia. Dalili ya mvua ni mawingu, na mawingu yalikuwepo tangu msimu wa kwanza. Danny ndiye aliyekuwa akisema juu ya chakula cha Mindy, mwili wake, nguo zake. Danny ndiye aliyeogopa kuoa tena, akamfanya mwanamke mwenye mimba yake asubiri jibu. Danny ndiye aliyekuwa na picha moja tu ya mama mwema kichwani mwake, na picha hiyo ilikuwa ya mama yake mwenyewe aliyewalea wanawe peke yake. Tulivicheka vitu hivyo kwa sababu viliwekwa ndani ya vichekesho na kwa sababu uso wa Messina ulikuwa na wema. Lakini vilikuwepo. Mtu anayemkosoa mwanamke kila siku wakati hana mamlaka juu yake, ni ajabu gani akizidi kumkosoa anapokuwa nayo?

Kwa hiyo ninalazimika kusema jambo ambalo nilipoanza kuandika haya sikukusudia kulisema: huenda msimu wa nne, hasa nusu yake ya kwanza, ndio bora kuliko yote. Ipo sehemu katikati ya msimu huo inayoturudisha siku ambazo Mindy na Danny walikutana kwa mara ya kwanza, Mindy akiwa anatafuta nafasi katika kliniki, mwenye matumaini na ujasiri mwingi, huku wakati wa sasa ukituonyesha alichobakiwa nacho baada ya kupata kila alichokitamani. Mwishoni anamchukua mtoto na kurudi katika nyumba yake ya zamani. Hakuna kofi lililopigwa, hakuna mwanamke mwingine, hakuna siri kubwa iliyofichuka. Kuna mwanamke aliyetambua kwamba mtu anayempenda anamtaka awe mdogo kuliko alivyo. Sijui tamthilia nyingine ya vichekesho vya mapenzi iliyothubutu kulitamka hilo juu ya mwanamume ambaye watazamaji walikuwa bado wanampenda. Nilimlilia Danny na wakati huohuo nikamshangilia Mindy, na hali hizo mbili hazikupatana, wala hadi sasa hazijapatana.

Yaliyofuata sina mengi ya kuyasema. Anakuja Jody, tabibu mwenye lafudhi ya kusini mwa Marekani na pesa nyingi, anayefika hadi kumnunulia Mindy nyumba iliyo ghorofa ya juu ya nyumba yake. Anakuja Ben, muuguzi mpole mwenye binti, na Mindy anafunga naye ndoa ambayo haidumu. Wote wawili walichezwa vizuri na hakuna aliyenigusa. Morgan, yule muuguzi aliyewahi kufungwa gerezani, aliendelea kunichekesha hadi mwisho, na Beverly, yule mama mzee wa mapokezi ya kliniki, vilevile. Kuna sehemu ya msimu wa tano ambamo Mindy anaamka akiwa mwanamume mzungu na kugundua jinsi milango ya hospitali inavyofunguka yenyewe mbele yake pale anapowania cheo, na nilifurahi kwa sababu kazi ilikuwa imerudi katikati. Lakini kwa jumla kazi ilififia. Wagonjwa waligeuka kuwa watu wa kupita. Ushindani ule mtamu wa msimu wa kwanza, madaktari chini na wakunga ghorofa ya juu wakigombania akina mama wajawazito, ulikuwa na uhai kuliko karibu kila kitu cha hospitali katika misimu miwili ya mwisho.

Kisha ikaja sehemu ya mwisho, Novemba 2017, na hasira yangu ikarudi ikiwa na sura mpya. Mindy na Danny wanarudiana. Tunawaacha hospitalini, wameketi pamoja mbele ya televisheni kama watu ambao hawakuwahi kuumizana. Wapo watakaosema ni utulivu mzuri, na kwa kweli waigizaji wale wawili wakikaa kimya pamoja kunakuwa na joto ambalo hakuna aliyewafuata aliweza kulizalisha. Nililihisi joto hilo. Hata machozi yalinilenga. Lakini yalipokauka nilijiuliza, kliniki imekwenda wapi katika mazungumzo haya? Mwanamke aliyeondoka na mtoto mkononi kwa sababu kazi yake ilidharauliwa anarudi kwa mtu yuleyule, na dharau yenyewe inapitwa kama kwamba ilikuwa kutoelewana kidogo kwa wapenzi. Kama msimu wa nne ulikuwa ukweli, basi mwisho huu umeukimbia ukweli huo. Kama mwisho huu ndio ukweli, basi waliniumiza katika msimu wa nne bila sababu. Hawawezi kuwa na vyote viwili, na ninaona walitaka vyote viwili.

Nilikuwa nimeazimia kumshauri msomaji aitazame misimu mitatu ya kwanza na kufunga hapo, kwenye safari ya India. Ninauondoa ushauri huo. Ukifunga hapo utabaki na Danny mtamu ambaye hakuwepo, na utakuwa umenyimwa kazi bora ambayo Kaling na waandishi wenzake waliwahi kuiandika. Itazame hadi Mindy anapoondoka. Baada ya hapo, ukiwa una mapenzi na Morgan kama mimi, endelea; ukiwa huna, hutakosa kitu kikubwa. Kuhusu mapatano ya mwisho siwezi kumwambia mtu ayatazame wala ayaache, kwa kuwa jana ningesema ni mazuri na leo yananichoma.

Wala sikuwa nikidai Danny aadhibiwe. Nilidai aulizwe. Waandishi walikuwa na misimu miwili mizima ya kumketisha mbele ya Mindy na kumtaka aeleze kwa nini kliniki ile ilimuudhi kiasi kile, na ningemsikiliza kwa moyo mweupe, maana nilimpenda. Hawakumketisha.