Wosia wa kujaza wa steshenari: mistari miwili ya mashahidi haitoshi

Karatasi hii ipo kila mahali Tanzania: kurasa mbili, vitone vya kujazia, jina juu, sahihi chini. Inazunguka WhatsApp, na maduka ya steshenari huichapa kama yanavyochapa barua yoyote. Kwa kupangia mawazo ni nzuri kweli. Inakulazimisha utaje mali moja moja, madeni unayodai na unayodaiwa, na watoto wote kwa majina yao kamili. Wengi hawajawahi kukaa chini kufanya hivyo. Tatizo ni kuisaini ilivyo.

Tuanze na mashahidi, maana hapo ndipo wosia nyingi zinapoangukia. Karatasi ina mistari miwili tu, jina na sahihi. Kwa anayefuata sheria ya mila, Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 linataka zaidi ya hapo. Anayejua kusoma na kuandika awe na mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Asiyejua, wanne: wawili wa ukoo, wawili watu baki. Mke au wake waliopo nyumbani wakati huo nao washuhudie, juu ya idadi hiyo. Karatasi haiulizi shahidi ni nani kwa mwenye wosia, kwa hiyo kaka wawili wanasaini kwa moyo safi, na siku ya mahakamani wosia unapingwa. Ongeza kwa kalamu ya wino: uhusiano, makazi, namba ya kitambulisho, tarehe. Kisha waite wote chumba kimoja wakuone unasaini. Karatasi isipelekwe nyumba kwa nyumba, kwa sababu shahidi ambaye hakukuona ukisaini hana la kuieleza mahakama.

Kwa wosia usiofuata mila wala dini ya Kiislamu, sheria inayotumika bado ni ile ya Urithi ya India ya 1865. Humo mashahidi ni wawili au zaidi, na shahidi aliyeachiwa kitu, au ambaye mwenzi wake kaachiwa, anakipoteza kitu hicho hata kama wosia wenyewe unasimama. Kuna jambo jingine ambalo karatasi hailigusi kabisa: chini ya sheria hiyo, ukifunga ndoa baada ya kuandika wosia, wosia ule umekufa. Andika mwingine.

Mwislamu naye akijaza mistari yote kama ilivyo atakosea. Wosia wake unagusa theluthi moja tu ya kinachobaki baada ya mazishi na madeni, na mrithi wa kisheria haongezewi kwa wosia bila ridhaa ya warithi wenzake. Karatasi haina hata kisanduku cha kuuliza unafuata sheria ipi, na hili ndilo pengo lake kubwa baada ya mashahidi.

Kuna mstari wa "nisiyempa urithi". Mmoja, bila nafasi ya sababu! Kwa sheria ya mila sababu lazima itajwe, na zinazokubalika ni chache: kuzini na mke wa mwenye wosia, kujaribu kumuua au kumdhuru vibaya yeye au mama yake, au kumtelekeza kwenye njaa au ugonjwa bila sababu ya haki. "Hanisikilizi" haimo.

Sehemu ya mali: "nyumba yangu ya Mbagala" haitoshi kama una mbili. Andika namba ya kiwanja, kitalu na hati. Kama hati inasema wewe na mwenzi mnamiliki kwa pamoja bila mafungu, sehemu yako inamwendea aliyebaki, na wosia hauigusi. Mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, nayo yaondoe kwenye orodha. Yanalipwa kwa sheria ya mfuko, hivyo kazi yako ni kuhuisha taarifa za wategemezi huko mfukoni. Na usiamini kifungu kinachompa mtoto ruhusa ya "kuendelea kutoa fedha benki baada ya kifo changu". Idhini ya uwakilishi, yaani ruhusa ya kutenda kwa niaba yako, inakufa pamoja na aliyeitoa.

Msimamizi wa mirathi ana nafasi moja. Weka wa pili, kama wa kwanza atatangulia au atakataa. Hata aliyetajwa kwenye wosia lazima athibitishwe na mahakama kabla hajagusa chochote.

Kwa mwenye nyumba moja na familia isiyogombana, karatasi hii ikirekebishwa hivyo inafaa. Mwenye wake wawili, watoto wa nje au kampuni aende kwa wakili, au RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), ambao huandika wosia na kuutunza pia. Ukibaki na ya steshenari, saini kila ukurasa, si wa mwisho tu, maana ukurasa wa kwanza wenye mali ndio rahisi kubadilishwa. Nakala halisi ikae mahali ambapo msimamizi anapajua. Fotokopi italeta maswali mahakamani.