Nimehama tumbaku ya kusokota, sasa navuta podi: tathmini yangu kutoka Leicester

Tuanze na hela, maana ndizo zilizonisukuma dukani. Pakiti ya sigara 20 huku Uingereza siku hizi ni kama pauni 16 au zaidi. Ile pakiti ndogo ya sigara 10 tuliyokuwa tukiikimbilia mwisho wa mwezi iliondolewa na sheria tangu Mei 2017. Ndiyo maana wengi wetu, hasa sisi wa maghalani, tunaishia kwenye tumbaku ya kusokota. Nayo si rahisi hivyo: mfuko wa gramu 30, ambao ndio mdogo kabisa unaoruhusiwa kuuzwa, unazidi pauni 20, na mimi ulikuwa haunimalizii wiki. Piga hesabu ya mwaka mzima uone, ni nauli ya Dar kwenda na kurudi na zawadi za watoto juu.

Sasa natumia vepu ya podi, yaani sigara ya kielektroniki yenye kikasha kidogo (podi) cha maji ya nikotini, ile ya kujaza maji mwenyewe. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu za aina hii ziko chungu nzima na nyingi zinatoka viwanda vya Shenzhen. Ukiijua moja umezijua karibu zote. Yangu inaenea kwenye kiganja, haina kitufe, unavuta inawaka yenyewe. Betri ni ya milliampea-saa 1000, inachajiwa kwa waya uleule wa simu, na kwa matumizi yangu inanivusha shifti ya usiku bila wasiwasi. Nililipa pauni 18 pamoja na podi mbili. Chupa ya maji ya mililita 10 ni pauni 4, ukichukua tatu kwa mpigo mzee anakufanyia 10. Podi za akiba kila moja haifiki pauni 3, na kwangu moja inadumu kama wiki mbili kabla ladha haijaanza kufa.

Podi yenyewe inaingia mililita 2 tu. Watu wanaulizana kwa nini ni ndogo hivyo, wanadhani kiwanda kinabana. Ni sheria ya hapa ya 2016: tangi lisizidi mililita 2, chupa yenye nikotini isizidi mililita 10, na nikotini isizidi miligramu 20 kwa kila mililita. Ukiona kitu kinachouzwa chini ya kaunta kina namba kubwa kuliko hizo, jua hakikupita mlango halali, na kilichomo ndani anakijua aliyekichanganya. Zile za kutupa, za rangi za peremende, zimepigwa marufuku kuuzwa Uingereza nzima tangu 1 Juni 2025. Sikuzililia. Zilikuwa zinazagaa kando ya barabara kuliko vipisi vya sigara.

Duka ndilo hasa lililonifanya niandike.

La kwanza nililoingia lilikuwa katikati ya mji, taa za bluu, muziki juu. Kijana wa kaunta hakuniuliza swali hata moja. Alinitolea dude la betri mbili, akalipuliza, wingu likafunika mlango, halafu akaniwekea mezani maji ya embe yenye nikotini miligramu 3. Mimi mtu wa tumbaku kavu, isiyo hata na kichungi! Nikamshukuru, nikatoka.

La pili liko Belgrave, upande ule wa maduka ya sari na dhahabu. Kwa asiyeijua Leicester: mji huu umejaa Wahindi wa Afrika Mashariki. Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972, manispaa ya hapa ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije. Wakaja, na wa Kenya na Tanzania wakawa nao, na leo unaweza kununua mhogo, kachori na kitenge bila kufungua mdomo kwa Kiingereza. Duka la vepu ni la kijana, lakini kwenye kiti karibu na dirisha anakaa baba yake, mzee wa Mwanza, aliyewahi kuuza sigara rejareja na anajua mvutaji anavyofikiri. Alinisikia nikiongea na simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Temeke."

"Unavuta nini?"

Nikamwonyesha mfuko wa tumbaku. Akautazama, akautazama uso wangu.

"Asubuhi ukiamka, ya kwanza unawasha kabla ya chai au baada ya chai?"

"Kabla, mzee. Hata maji sijaweka jikoni."

"Basi wewe maji ya miligramu tatu yatakurudisha kwenye tumbaku kesho. Mpe ishirini," akamwambia mwanawe, "na mpe ya mentholi, watu wa Dar wote SM."

Hapo alinimaliza, maana kweli nilianzia kwenye Sweet Menthol za kununua mojamoja gengeni. Huku sigara za mentholi zilipigwa marufuku Mei 2020, na mimi ndipo nilipohamia kwenye kusokota. Maji ya mentholi ya vepu hayakuguswa na sheria ile. Kwa hiyo kile nilichokikosa miaka yote hiyo kilikuwa kwenye chupa ndogo ya plastiki, nami nilikuwa nikipita nje ya dirisha lake.

Swali la chai si porojo la mzee. Wataalamu wa kuachisha sigara nao huuliza muda gani unapita tangu uamke hadi uwashe ya kwanza, kwa kuwa ndicho kipimo chepesi cha jinsi nikotini ilivyokukamata. Wa ndani ya nusu saa ni mateka. Ukimpa maji mepesi arosto, ile kiu ya nikotini, haishuki, anavuta na kuvuta, kichwa hakitulii, mwisho anasema vepu ni utapeli na anarudi kwenye kiberiti. Nimewaona kazini wengi wa namna hiyo. Ukiwauliza walianza na ngapi, wanajibu tatu, au sita.

Ya ishirini ninayotumia ni ile ya chumvi ya nikotini. Haikwaruzi koo kama ile ya zamani, na inapanda haraka. Siwezi kukudanganya kwamba ni sawasawa na sigara. Ule mgoto wa moshi kooni, ule mlio wa tumbaku ikiungua, havipo. Maji ya "ladha ya tumbaku" niliyajaribu pia, yananukia karameli, sijui huyo aliyeyatengeneza alivuta tumbaku ya nchi gani. Ila mikono inapata kazi, mdomo unapata kazi, na damu inapata ilichozoea. Shingo ikalegea. Nililala bila kusokota.

Kwa wanaojiuliza kuhusu afya, nitasema nilichokiona kwa macho. Nilienda kwenye huduma ya halmashauri ya kuacha sigara, ambayo ni bure, na ya Leicester ilianza kuwakubali watu wa vepu tangu 2014, wakati kwingine walikuwa bado wanawakunjia uso. Dada wa pale alinipa kifaa chenye mrija wa karatasi: vuta pumzi, izuie, ipulize taratibu mpaka iishe. Kinapima kaboni monoksaidi, ile hewa ya sumu ya moshi inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Wakati ule wa tumbaku kilisoma zaidi ya 20, kioo kikawa chekundu. Niliporudi nikiwa natumia podi peke yake, kilisoma 2, kijani, kama asiyevuta kabisa. Sababu ni moja: ndani ya vepu hakuna kinachoungua. Koili, kiwaya cha joto kilicho ndani, inapasha maji yawe mvuke, basi. Lami na kaboni monoksaidi vinatokana na moto, na ndivyo vinavyoua wavutaji, si nikotini yenyewe.

Haina maana mvuke ni hewa ya bahari. Hata huduma ya afya ya hapa inasema madhara ni madogo kuliko sigara, haisemi hayapo, na asiyevuta inamwambia asianze. Mdogo wangu wa miaka kumi na tisa aliniomba nimjaribishe ya zabibu. Nilimjibu kwa lugha ambayo siwezi kuiandika hapa.

Dosari ndogondogo zipo. Kujaza kunataka utulivu. Unachomoa podi, unafungua kizibo cha mpira ubavuni, unaingiza mdomo wa chupa na kuminya taratibu huku ukitazama viputo vinavyopanda. Ukiharakisha maji yanarudi juu na vidole vinanata mentholi mpaka usiku. Podi mpya ukishaijaza iache ikae dakika kumi, pamba iliyo ndani inywe vizuri. Usipoisubiri unaiunguza, na ladha ya pamba iliyoungua haiondoki, podi ndiyo imekwenda. Wakati mwingine maji yanajikusanya chini na inaanza kukoroma ukivuta. Itoe, ipige piga kwenye karatasi ya jikoni, futa kwenye vishikizo vya chaji, rudisha. Mdomo unakauka, kwa hiyo weka maji ya kunywa karibu. Na usitegemee kuvutia ndani kazini. Sisi kule kwenye maghala ya Magna Park, vepu na sigara wote tunapelekwa kwenye kibanda kilekile cha nje, mvua ileile, wasimamizi walewale wakitazama saa.

Dosari kubwa ni nyingine, na sijaona tathmini inayoitaja inavyostahili. Sigara ina mwisho. Ukiiwasha, inaungua, inafika vidoleni, imekwisha; unaizima, unarudi kwenye shughuli zako. Na ya kusokota ina mwanzo pia: karatasi, tumbaku, ulimi, kiberiti, ni kazi ya dakika nzima na mara nyingine uvivu unakushinda unaahirisha. Podi haina mwanzo wala mwisho. Ipo mfukoni, pafu moja ukisubiri kibaniko, pafu kwenye taa nyekundu, mawili kitandani, moja chooni. Hakuna harufu ya kumwamsha mke wangu, kwa hiyo hakuna wa kukuambia basi. Ukija kushtuka, chupa uliyodhani ni ya wiki imekauka siku ya nne.

Utafiti nao unaonyesha hilo. Jaribio kubwa lililofanyika hapa Uingereza na kuchapishwa 2019 liligawa watu 886 mafungu mawili: wengine vepu, wengine viraka, bazoka na dawa nyingine za nikotini. Baada ya mwaka, walioachana na sigara walikuwa asilimia 18 upande wa vepu na 9.9 upande wa pili. Karibu mara mbili, na hapo ndipo watangazaji wanapoishia kusoma. Soma mstari unaofuata: katika wale wa vepu walioacha, asilimia 80 walikuwa bado na vepu mkononi mwaka huo ulipoisha, wakati wale wa dawa waliokuwa bado wanazitumia ni asilimia 9 tu. Kidude kinakutoa kwenye moshi kwelikweli, halafu kinakaa.

Dawa yangu ni kuirudishia mipaka ya sigara. Chumbani haiingii, inalala kwenye mfuko wa koti mlangoni. Nikitaka kuvuta navaa koti natoka nje, kama zamani, hata theluji ikianguka. Mke wangu anacheka, anasema nimeacha moshi nimebaki na baridi. Ramadhani ilinisaidia pia, maana mvuke unafunguza kama moshi, na ukishashinda mchana mzima bila, unajua kwamba nusu ya kule kuvuta kulikuwa mazoea ya mkono tu. Sasa niko kwenye miligramu 10. Nilipotaka kushuka haraka mzee alinikataza: ukipunguza nguvu kabla mwili haujakubali, utavuta mara mbili zaidi, maji yataisha upesi na hukupata kitu.

Kwa wasafiri: betri ni ya lithiamu, kwa hiyo vepu inakwenda kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye sanduku la mizigo, na ndani ya ndege huvuti. Wenye ndugu Muscat muwe macho, Oman imezuia biashara yake. India walipiga marufuku 2019, na Singapore hata kuingia nayo ni kosa. Ukienda Dar beba podi na maji ya kukutosha, kwa sababu kifaa utakiona kwenye maduka ya mjini lakini podi inayoingia kwenye chako ni bahati nasibu.

Bei niliyotaja inaweza isidumu. Kodi mpya ya maji ya vepu imepangwa kuanza 1 Oktoba 2026, pauni 2.20 kwa kila mililita 10, na VAT juu yake. Chupa ya pauni 4 itakwenda kwenye sita na ushee. Bado itakuwa mbali na bei ya tumbaku, ila zile tatu kwa kumi za mzee tutazisahau.

Podi na betri zilizokufa msitupe kwenye pipa la nyumbani, zinawasha moto kwenye malori ya taka. Anayeuza vepu anatakiwa kupokea za zamani, na pale Belgrave ndoo iko chini ya kaunta upande wa kushoto. Jumapili wanafunga saa kumi jioni. Mzee yeye huondoka mapema zaidi, saa nane anakwenda kula, kwa hiyo mwenye maswali awahi.