Vidonge vya "kulinda ini" kwa mwenye hepatitisi B: nyota moja tu

Kaka yangu anaishi na hepatitisi B ya muda mrefu (ugonjwa wa ini unaoletwa na kirusi), juzi kaletewa kopo la vidonge vya kulinda ini akaniuliza anywe au asinywe. Nimelisoma lote mpaka yale maandishi madogo ya nyuma. Jina silitaji, mana ya aina hii yako mengi na maneno ni yaleyale.

Mbele wameandika "huondoa sumu, huzuia kansa ya ini, huimarisha homoni za kiume". Nyuma kuna vitamini C na E, dondoo la chai ya kijani, madini ya chuma, alafu mchanganyiko wa mitishamba ya kuongeza testosteroni, ila kila mmea umewekwa kiasi gani hawajasema.

Tuanze na kansa. Hapa wamechukua jambo la kweli wakalivuta wanakotaka. Ini lenye kirusi miaka na miaka kweli lina msongo wa oksidishaji, yaani seli za kinga zinashambulia seli zilizoambukizwa, zinamwaga radikali huru (molekuli korofi zinazodhuru seli), hizo zinaharibu DNA, seli zinakufa na zilizobaki zinagawanyika harakaharaka kuziba pengo huku makosa yamo ndani, na makosa yakirundikana miaka mingi ndo kansa inapata njia. Kwenye hepatitisi C protini za kirusi chenyewe zinavuruga mitokondria (vinu vya nishati vya seli), na chuma nacho kinaweza kujaa kwenye ini. Sasa unapepea moshi wakati kuni bado zinawaka? Kinachowasha ni kirusi, na vidonge hivi havikigusi. Alafu antioksidanti za kopo, yaani vitu vya kuzima radikali huru, sio salama tu kwa vile ni vitamini: Finland waliwapa wavuta sigara beta-karotini, nayo ni antioksidanti, wakitegemea kansa ya mapafu itapungua, majibu yalipotoka 1994 ikaonekana imeongezeka.

Hicho chuma ndo kimeniudhi kabisa. Chuma kikizidi kwenye ini kinazalisha radikali huru zaidi, yaani kopo moja linaahidi kuzizima na humohumo limebeba cha kuzichochea! Na dondoo la chai ya kijani likiwa kali kwenye vidonge limeshaumiza maini ya watu waliokuwa wazima.

Homoni sasa. DNA ya kirusi cha B ina sehemu ambayo kipokezi cha homoni za kiume (protini ya seli inayopokea homoni hizo) kinajishika na kukifanya kirusi kifanye kazi zaidi, na protini ya kirusi iitwayo HBx nayo inakipa nguvu kipokezi hichohicho, basi wanasukumana. Estrojeni, homoni ya kike, inaelekea upande wa pili, inapunguza kazi ya kirusi, na kwa panya imeonekana inatuliza uvimbe wa ini kwa kushusha IL-6, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe huo. Ndo sababu mojawapo wanaume wanapata kansa ya ini mara 2 hadi 3 kuliko wanawake, ingawa pombe na sigara navyo vimo, na mwanamke akishakoma hedhi kinga hiyo inapungua. Kuna utafiti wa wanaume wa Taiwan ambao wenye testosteroni ya juu walionekana kwenye hatari zaidi. Sasa mtu wa hivo unamuuziaje kiongeza testosteroni kwa jina la kulinda ini? Sisemi aliyeandikiwa homoni na daktari aache, aulize tu.

Nyota zangu ziende kwenye tenofovira au entekavira kwa anayestahili dawa za B, zinakibana kirusi na hatari inashuka, na vidonge vya hepatitisi C vya wiki 8 hadi 12 vinavyoponya zaidi ya asilimia 95. Nyingine iende kwa ultrasaundi ya kila miezi 6 kwa walio kwenye hatari: jeli ya baridi, vuta pumzi shikilia, kifaa kinapita chini ya mbavu za kulia, umemaliza. Usiiruke hata kama dawa unakunywa vizuri, mana kirusi cha B kinapachika vipande vyake kwenye DNA ya seli na kansa inaweza kutokea hata kabla ya sirosisi (ini kujaa makovu). Mwenye sirosisi aliyepona C naye aendelee kupimwa.

Kama ushaanza vidonge vya aina hii usifiche kliniki, nenda navyo wavisome, na ukiona macho ya njano au mkojo umekuwa mweusi acha kumeza na uende siku hiyohiyo.