Makumbusho ya Hector Pieterson, Soweto: mahali pa kumpeleka kila mwalimu

Makumbusho ya Hector Pieterson, mvulana aliyeuawa na polisi katika maandamano ya wanafunzi ya 1976, yapo Orlando West, Soweto, kitongoji cha Johannesburg, Afrika Kusini, mwendo mfupi kwa miguu kutoka mtaa wa Vilakazi, ambako wageni wengi huenda kuitazama nyumba aliyowahi kuishi Nelson Mandela. Yalifunguliwa tarehe 16 Juni 2002. Ninayapendekeza hasa kwa walimu na watunga mitaala, kwa kuwa yanaonyesha wazi jinsi uamuzi wa wizara kuhusu lugha ya kufundishia unavyoweza kumweleza mtoto kwamba hana nafasi katika nchi aliyozaliwa.

Uzito wa maonyesho uko katika siku ya maandamano hayo, wanafunzi walipopinga kufundishwa kwa Kiafrikaans, kwa hiyo ni vema mgeni aingie akiwa anaijua sera iliyotangulia. Sheria ya Elimu ya Kibantu ya 1953 iliziweka shule za Waafrika, nyingi zikiwa za wamisionari, chini ya udhibiti wa serikali, na Hendrik Verwoerd, waziri aliyeisimamia, hakuficha kwamba mtoto Mwafrika alipaswa kuandaliwa kwa kazi za chini tu. Kumfundisha hisabati, kwa maoni yake, kulikuwa kazi bure. Mwaka 1974 ikatolewa amri kwamba katika shule hizo hisabati na maarifa ya jamii vifundishwe kwa Kiafrikaans, lugha ya Makaburu, ambayo hata walimu wengi hawakuimudu. Mwanafunzi aliyekuwa akizijua hesabu zake vizuri akajikuta anaonekana mjinga kwa sababu hakulielewa swali. Watanzania, ambao huhama kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza wanapoingia kidato cha kwanza, watalielewa jambo hili upesi, ingawa nia za sera hizo mbili hazilingani hata kidogo.

Jengo lenyewe ni la matofali mekundu na limebuniwa kwa umakini mkubwa. Madirisha yake yamewekwa kwa makusudi, hata mgeni anayesoma habari za maandamano huweza kuinua macho na kuona nje upande wa Uwanja wa Orlando, ambako wanafunzi walikuwa wakielekea asubuhi ile polisi walipowafyatulia risasi. Picha maarufu ya Sam Nzima ipo: kijana Mbuyisa Makhubo amembeba Hector, mwenye umri wa miaka 12, na dada yake Antoinette anakimbia kando yao. Hata hivyo, mahali paliponigusa zaidi ni ua wa ndani, ambako majina ya waliouawa yameandikwa kwenye vipande vilivyolazwa juu ya changarawe, na mtu hulazimika kuinama ili kuyasoma moja baada ya jingine.

Mgeni kutoka Tanzania atakayetaka kujua vijana waliokimbilia uhamishoni baada ya maandamano hayo walisomea wapi afike Mazimbu, Morogoro. Huko ndiko ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, ilikoanzisha shule yake mwaka 1978, kwenye ardhi iliyotolewa na serikali ya Tanzania, ikaitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji kijana wa chama hicho aliyenyongwa na serikali ya makaburu. Leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Suala lenyewe halijafungwa. Sheria ya elimu iliyosainiwa na Rais Cyril Ramaphosa mwaka 2024 iliibua mabishano makali kuhusu nani mwenye kauli ya mwisho juu ya lugha ya shule, kwa kuwa baadhi ya shule za Kiafrikaans zimelaumiwa kwa kuitumia lugha kuwazuia watoto weusi wasiandikishwe, nao wanaozitetea wanasema wanalinda utamaduni wao. Kwa upande mwingine, mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini iliridhia Kiswahili kifundishwe kama somo la hiari, na nililifurahia tangazo hilo kwa dhati.

Kwa wanaopanga safari za shule, ningeshauri wapelekwe wanafunzi wa sekondari, nao waelezwe mapema kwamba baadhi ya picha zinaonyesha watoto wa rika lao wakiwa wamejeruhiwa au wamekufa. Ni bora kutenga nusu siku nzima, maana wengi watataka kukaa kwenye ule ua kwa muda mrefu.