Hela ya shule: ipitie makao au familia ya malezi?

Uganda ilifuta ada katika shule za msingi za serikali mwaka 1997, na mwaka 2007 zikafuatia baadhi ya sekondari. Hata hivyo muhula ukifunguliwa mtoto hutumwa na orodha: rimu ya karatasi, mifagio, sare, madaftari. Kwa mtoto asiyeishi na wazazi wake, msaada wa mfadhili ndio unaobeba orodha hiyo, na ubishi ni nani aushike: makao ya watoto, au familia ya malezi, yaani ile inayomlea mtoto asiye wao.

Makao ya watoto yana mhasibu. Ada, kwa shule inayotoza, hulipwa benki, risiti inaingia kwenye faili. Ila mara nyingi msaada umefungwa kwenye kitanda: mtoto akirudi kwa bibi yake Mbale, mfadhili anaishia getini. Hilo kwangu ni kasoro kubwa kuliko zote.

Kwa familia ya malezi, tusidanganyane, hela huponyoka upesi. Mvua isiponyesha, ada ya muhula hugeuka unga. Lakini mama mlezi ndiye anayeona kiatu kimetoboka kidoleni, na mtoto akihama shule yeye yupo. Mimi ningelipa ada benki kwa jina la mtoto, kisha orodha nimwachie mama.